Nani Alileta Kiazi?

Tafakari ya wiki. Somo: Yohana 4:27–42

Mwaka 1853 mji wa Offenburg, kusini-magharibi mwa Ujerumani, ulimsimamishia sanamu nahodha wa Kiingereza, Francis Drake. Mkononi alishikishwa mmea wa kiazi mviringo pamoja na viazi vyake, na maandishi yalimtaja kuwa ndiye aliyekieneza kiazi Ulaya mwaka 1586. Wakulima wa Offenburg walipita miguuni pake hadi mwaka 1939, Wanazi walipoivunja sanamu hiyo. Kwao kosa la Drake lilikuwa Uingereza wake. La kuvishwa sifa isiyo yake halikumsumbua mtu.

Nimeanza mbali kwa makusudi, wapendwa. Sisi wa Kifaru, chini ya milima ya Upare, tuko tambarare penye joto, na kiazi mviringo hupenda baridi, kwa hiyo tunachokula hushuka kutoka mlimani au huja kwa lori kutoka Lushoto, Njombe na Mbeya, magunia yamefungwa lumbesa mpaka mbebaji anayumba. Kinaishia kwenye vibanda vya chipsi kando ya barabara kuu na kwenye masufuria ya harusi na misiba. Hakuna anayekila akauliza kimefikaje. Ila mada ikizuka barazani, subiri uone. Huyu atasema kililetwa na Wajerumani wa Shigatini. Yule ataapa kuwa ni Waadventista wa kule Upare Kusini. Wa tatu atasimama kabisa na kusema babu yake alikilima kabla Mzungu yeyote hajakanyaga Upare, na hapo chai itapoa. Wanaoandika historia ya mazao husema kiazi mviringo kiliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 kwa mikono ya Wazungu, wamisionari na walowezi. Baraza halitatulizwa na sentensi hiyo, kwa sababu linachotaka ni jina la mtu.

Ulaya nao walitaka jina la mtu, wakagombana kwa karne nne.

Waingereza wana madai mawili. La kwanza ni hilo la Drake. La pili ni la Walter Raleigh, ambaye Waireland husimulia kwamba alipanda viazi vya kwanza kwenye bustani yake ya Youghal, akiwa amevitoa Virginia. Raleigh mwenyewe hakuwahi kukanyaga Virginia. Lakini mwaka 1597 mtu mmoja aitwaye John Gerard alichapisha kitabu kikubwa cha mimea, akajiweka mbele ya kitabu pichani akiwa ameshika tawi la kiazi lenye ua, na akaandika kwamba mmea huo ulitoka Virginia. Wakati ule Virginia hakukuwa na kiazi mviringo hata kimoja kilichoota chenyewe. Inaelekea mkanganyiko ulianzia kwenye safari ya 1586: Drake alikuwa ametoka kuishambulia Cartagena, katika nchi ambayo leo ni Kolombia, akapitia Roanoke, iliyohesabiwa kuwa Virginia siku hizo, kuwachukua walowezi waliokata tamaa, kisha akarudi nyumbani. Mzigo wa bandari moja ukahesabiwa kuwa ni wa bandari nyingine. Kitabu kilipokwisha kuchapwa, nani angebisha?

Upande wa pili wa Ulaya, Januari 1588, bingwa wa mimea Carolus Clusius, akiwa Vienna, alipokea viazi viwili na tunda moja la mmea huo kutoka kwa Philippe de Sivry, mtawala wa Mons, mji ulio katika Ubelgiji ya leo. Sivry alikuwa amepewa na mtu mmoja wa msafara wa balozi wa Papa. Clusius ni mwandishi mwaminifu, anataja aliyempa. Ila mnyororo unakatika hapo kwa mtumishi wa balozi, ambaye hakuandikwa jina.

Kisha yakapatikana makaratasi, na makaratasi hayana adabu kwa mashujaa. Katika hati za Las Palmas, Visiwa vya Kanari, za Novemba 1567, imeandikishwa shehena ya mapipa yenye viazi, machungwa na ndimu mbichi kwenda Antwerp. Hiyo ni miaka 19 kabla ya Drake kutia nanga, na zao linalouzwa nje kwa pipa haliwezi kuwa limeanza kulimwa juzi. Vitabu vya hesabu vya hospitali moja ya Sevilla, Hispania, iliyoitwa kwa Damu ya Bwana, vinaonyesha viazi vikinunuliwa mwaka 1573. Wako waliosema labda vilikuwa viazi vitamu, maana hivyo vilikuwa vimekwisha kuvushwa tangu enzi za Columbus na waandishi wa Kihispania walizoea kuvichanganya. Wengine wakajibu kwa hoja ninayoipenda kwa kuwa ni ya mkulima: ununuzi huo uliangukia Desemba, na kiazi cha milima ya Andes, kilichozoea mchana wa saa kumi na mbili, hakifanyi viazi ardhini mpaka siku za Ulaya zifupike. Kinachelewa, kinavunwa karibu na Krismasi. Kama ndivyo, basi miongoni mwa habari za mwanzo kabisa za kiazi Ulaya bara tunakikuta kwenye bakuli la mgonjwa.

Wakati hilo halijatulia, wakaanza kugombania upande wa kilikotoka. Mwaka 1929 wataalamu wawili wa Urusi ya Kisovieti, Juzepczuk na Bukasov, walidai kiazi cha Ulaya asili yake ni pwani ya kusini ya Chile, maana huko nako siku za kiangazi ni ndefu. Waingereza wakashikilia Andes. Jibu lilikuja mwaka 2008, wanasayansi walipochunguza vinasaba vya majani makavu ya viazi yaliyohifadhiwa makumbusho kwa zaidi ya karne moja. Kumbe wote walikuwa na chembe ya ukweli. Kiazi cha Andes kilitangulia na kikaendelea kuwapo hadi mwishoni mwa karne ya 19. Cha Chile kinaonekana kuanzia mwaka 1811, na baadaye ndicho kilichotamalaki.

Nimewachosha kwa makusudi. Hesabu majina tuliyoyataja. Nahodha, muungwana, mwandishi wa kitabu, mtawala wa mji, bingwa wa mimea. Ulizo lao wote ni moja: nani alivusha bahari? Safari ya miezi michache. Aliyekifanya kiazi kiwe chakula hayumo kwenye kesi, hakuitwa hata kuwa shahidi.

Kiazi mwitu ni kichungu na kina sumu. Watu wa nyanda za juu kuzunguka Ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia za leo, walianza kukilima zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Ziwa lenyewe liko mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali Shengena yetu, kilele cha milima ya Upare, haifiki 2,500. Huko walichagua, msimu baada ya msimu, kiazi kisicho na uchungu, wakakipanda tena. Vile vilivyobaki na uchungu walijifunza kuvila pamoja na udongo maalumu unaofunga sumu. Walijifunza pia kuvianika usiku wa baridi kali vigande, mchana vikiyeyuka wanavikanyaga kwa miguu kutoa maji, kisha wanavikausha juani, na chakula hicho, kiitwacho chuño, kinakaa ghalani miaka. Leo aina za viazi za Andes zinapita 4,000, za zambarau, nyekundu, nyeusi, zenye vifundo, nyembamba kama kidole. Hakuna hata aina moja kati ya hizo iliyojiokota.

Wahispania walipoingia huko miaka ya 1530 walikuwa wakitafuta dhahabu na fedha. Mwaka 1545 wakafungua mgodi wa fedha wa Potosí, na wenyeji wakatolewa vijijini kwa zamu za lazima kwenda kuchimba. Walilishwa chuño. Pedro Cieza de León, askari aliyeandika historia ya mambo aliyoyaona, anasema kuwa wako Wahispania waliotajirika kwa kuwauzia wachimbaji wa Potosí chakula hicho na kurudi kwao Hispania na mali. Kiazi kilikuwa kimewashibisha watu waliofia fedha ya wengine, kabla hakijaanza safari ya kuwashibisha wenye fedha.

Hapa nasema kama mchungaji, wanahistoria wanisamehe: ninaona dhambi katika namna ya kuuliza. Mnaujua mnada wetu wa sikukuu ya mavuno. Mama anashuka na ndoo ya viazi kutoka Ugweno, anaiweka mbele ya madhabahu, anarudi kukaa benchi la nyuma. Baada ya ibada anayenadi anaipandisha: elfu kumi, kumi na tano, ishirini, nani anaongeza? Anayetangazwa kwa kipaza sauti na kupigiwa vigelegele ni aliyeinunua. Drake ni mnunuzi wa namna hiyo, tofauti ni kwamba yeye bei hakulipa.

Tena kusahau huku kuna gharama. Mkulima wa Andes hupanda aina nyingi katika shamba moja. Ugonjwa ukija unaua hizi, zile zinabaki. Ulaya ilichukua kiazi, desturi ikaiacha huko huko, maana hakuna aliyedhani kwamba wale watu wana la kufundisha. Ireland ilifika mahali maskini wake wengi wanaishi kwa aina moja tu. Mwaka 1845 ukungu wa viazi ukaingia, na katika miaka michache iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine kama hao wakapanda meli wakahama. Serikali iliyowatawala ilikuwa na lawama yake kubwa, na chakula kingine kiliendelea kusafirishwa nje ya nchi hiyo wakati watu wanakufa. Lakini shamba lenyewe lilikuwa limekwisha kudhoofika siku ile zawadi ilipopokelewa na mwenye zawadi asiulizwe neno.

Turudi nyumbani. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenzetu, alizunguka milima hii akiwasikiliza wazee, na mwaka 1969 kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare kikatoka. Anayekisoma akitafuta ukoo uliokuwepo hapa tangu milele atapata shida, maana koo nyingi zinasimulia kuja kutoka mahali pengine, nyingine Taita, nyingine kwingineko. Humo zimo habari za Ugweno, jinsi Washana, wahunzi, walivyokuwa na utawala na jinsi Wasuya walivyowapokonya. Majina ya watawala tunayo. Chuma cha Ugweno kilivuka hadi Uchagani, kikalima na kufyeka huko, na wahunzi waliokiyeyusha tunawajua kwa jina la ukoo tu.

Ndiva zetu, mabwawa ya kumwagilia, ni hivyo hivyo. Maji yanakusanyika usiku, asubuhi yanafunguliwa yaende mferejini kwa zamu, na ndiva nyingine mpaka leo zinajulikana kwa koo zilizozianzisha. Waliobeba mawe na udongo siku za msaragambo hawamo katika majina hayo. Nimewahi kusikia wajukuu wa waanzilishi wakidai zamu ndefu ya maji kwa haki ya babu. Huenda wajukuu wa wabeba mawe walikuwa wamekaa palepale, wakinyamaza.

Na Injili je? Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo Shigatini mwaka 1900. Waadventista kutoka Ujerumani waliingia Upare Kusini mwaka 1903. Ni kweli, walikuja, wengine wakazika watoto wao hapa, na sitaki mtu anisikie nikiwabeza. Lakini baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipowaondoa Wajerumani mwaka 1920, ibada na shule za vituo vingi zilibaki mikononi mwa walimu wenyeji, watu waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji. Kanisa halikufungwa. Katika usharika mmoja, si huu, niliwahi kukaa kwenye kamati ya kuandaa kibao cha marumaru cha jubilei. Familia mbili zilivutana kuhusu babu wa nani awe juu ya babu wa nani, chini ya mmisionari. Vikao vikawa virefu. Mzee mmoja ambaye alikuwa hajasema kitu akauliza: na yule aliyekuwa akimtafsiria Mzungu mahubiri kwa Chasu, lugha yetu? Kukawa na kumbukumbu nyingi za kusimuliwa. Alikuwa mrefu. Alikuwa akiongeza maneno yake mwenyewe, mahubiri ya dakika kumi yanakuwa nusu saa. Inawezekana kabisa kwamba walioamini waliamini maneno yake. Jina lake hakuna aliyelijua. Kibao kiliwekwa bila yeye, na mimi nilikipigia makofi pamoja na wengine.

Somo letu la wiki hii linatupeleka kisimani Sikari, Samaria. Wanafunzi wamekwenda mjini kununua chakula. Wanarudi, wanamkuta Bwana akizungumza na mwanamke, wanashangaa, hawathubutu kuuliza. Mwanamke anaondoka kwenda mjini. Wanafunzi wanamsihi ale, naye anawaambia wainue macho wayaone mashamba, kwamba yamekwisha kuiva, kwamba yeye amewatuma kuvuna wasichokitolea jasho, maana wako wengine waliotaabika na wao wameingia tu katika taabu ya hao.

Wengine gani? Wafafanuzi wengi hutaja manabii, na Yohana Mbatizaji. Sawa. Lakini tazama saa ile maneno yanaposemwa, nani yuko njiani? Yule mwanamke yuko mjini anawaita watu. Wanafunzi walikuwa wametoka mji huohuo muda mfupi uliopita. Kumi na wawili, kama walikwenda wote, waliingia Sikari, wakapita sokoni, wakatoka na mikate. Hawakutoka na mtu hata mmoja. Yeye aliingia peke yake akatoka na mji mzima nyuma yake. Bwana anaposema mashamba yameiva, naamini anawaonyesha watu wale wakija njiani, na anayewaleta ndiye aliyetaabika.

Ninaposoma mstari wa 42 nakereka kila mara. Watu wa Sikari wanamwambia mwanamke kwamba sasa hawaamini tena kwa sababu ya maneno yake, wamesikia wenyewe. Walimu wetu wa chuo walitufundisha kuwa hiyo ndiyo imani iliyokomaa, na wana haki. Mimi nasikia pia mlango ukifungwa taratibu. Bwana amekwisha kukaa pale siku mbili, na baada ya mstari huo mwanamke hatajwi tena. Makanisa ya Mashariki yalikuja kumpa jina, Fotini, na wanamwadhimisha kama mtakatifu. Yohana hakumpa. Sidhani alisahau, kwa sababu katika sura iliyotangulia alimtaja Nikodemo, aliyekuja usiku na kuondoka kimya kimya. Bwana, hata hivyo, alikwisha kusema neno lake juu ya waliotaabika kabla mji haujafika, na wanafunzi walilisikia wakiwa na mikate mikononi.

Ndiyo maana sigombani na wanaochunguza hati za Las Palmas. Karatasi moja imemtoa Drake juu ya kiti kisicho chake, na hiyo ni kazi njema. Ila ukishamtoa nahodha mmoja ukamweka nahodha wa Kihispania, hujafika popote. Nenda nyuma zaidi, mpaka ufike kwa mtu mwenye udongo kwenye kucha. Huko majina hayapo, basi shukrani itabidi ijifunze kwenda bila jina, kama tunavyowaombea marehemu wa ukoo ambao hatukuwahi kuwaona, kwa kusema tu wote waliotutangulia.

Kumbukumbu la Torati sura ya 26 lina utaratibu wa mavuno ambao sisi tumeuacha. Mkulima analeta kikapu cha malimbuko, kuhani anakipokea, na hapo mkulima haruhusiwi kuondoka kimya. Lazima aseme kwa sauti baba yake alikuwa nani, Mwarami mtangaji, kwamba walikaa ugenini, walitumikishwa, walilia, na nchi hii walipewa. Kuhani haulizi gunia lina debe ngapi.

Kwa hiyo Jumapili ya mavuno, kabla ya mnada, tutafanya hivi. Kila atakayeleta mazao, yawe viazi, mahindi, mpunga, vitunguu au mkungu wa ndizi, atataja mbegu au mche alipata kwa nani. Sentensi moja inatosha. Aliyenunua dukani aseme alinunua dukani, na nani alimfundisha kuipanda. Anayeogopa kipaza sauti amwambie mzee wa kanisa mapema, ataandika. Anayenadi atamtangaza mleta sadaka kabla ya mnunuzi. Nimekwisha kuongea naye, ameguna lakini amekubali. Na kama mbegu ulipewa na jirani ambaye siku hizi hamsalimiani, mtaje hivyo hivyo, naye akiwepo.